Naomba Radhi kwa Muziki wa Jumapili

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeinunua. Amplifaya ndogo ya vali, zile taa za kioo za redio za zamani, ya kukaa kati ya mashine ya santuri na amplifaya kubwa. Muuzaji aliniapia kwamba itautia muziki joto. Nikamwambia joto ndilo ninalolitafuta. Mvua haijakatika hapa mjini Morioka tangu asubuhi, na tangu mke wangu Sumie afariki nyumba hii haijasikia kikohozi cha mtu mwingine.

Kuunganisha kumenimalizia mchana wote. Nilichomeka waya wa kushoto mahali pa kulia, mwimbaji akahamia upande wa friji. Nikarekebisha. Sasa vali zinawaka ndani ya vioo vyake, rangi ya chungwa. Nimekaa nazo. Hazisemi neno, ila ni afadhali kuliko ukuta.

Jumanne, 5 Novemba

Niandike wazi: nataka watu waje kwangu Jumapili. Basi. Kila Jumapili mtaa mzima humiminika kwa Kuroiwa, daktari wa meno mstaafu, kusikiliza jazi yake na kula machenza yake. Mimi huwekewa kiti karibu na choo.

Leo nikamdokezea habari ya vali. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Ati vali ni za wazee wanaosikia baridi. Ati Mzee Usui, si ungenunua hita tu ujue moja? Atanitambua.

Jumatano, 6 Novemba

Mbinu imepatikana! Siwezi kubisha mlango wa mtu nikamwambia njoo kwangu. Je, akiwa hataki? Atapata tabu kukataa, nami nitapata tabu zaidi kukataliwa. Kwa hiyo nitadokeza. Nimenunua maboksi ya keki za maharage matamu, yamefungwa kwa karatasi ya heshima. Nitapita kila nyumba, nitainama, nitaomba radhi mapema kwamba Jumapili alasiri kutakuwa na muziki kwangu. Mtu atauliza: muziki gani huo? Nami: wa vali. Naye: jamani, tunaweza kuja kusikiliza? Mwenye macho haambiwi tazama.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemaliza mtaa. Kiuno kinalia. Wote walipokea kwa mikono miwili, wote wakasema hapana neno, piga muziki wako, usituwazie kabisa. Hakuna aliyeuliza ni muziki gani. Haya tu, watu wetu wana haya.

Mama Onodera, mjane wa nyumba ya pili, aliuliza kama sauti itakuwa kubwa. Nikamjibu kwa fahari kwamba itakuwa kubwa mno. Nilimpelekea hata Kuroiwa boksi lake, ajue. Akanitazama kwa huruma, akasema usijali ndugu yangu, hilo niachie mimi. Sikuelewa ni lipi.

Jumapili, 10 Novemba

Nilipanga viti sita. Nikatengeneza chai. Vali niliziwasha mapema zipate moto. Na sauti ilivyokuwa, mpiga besi kama amekaa mezani kwangu!

Mtu hakuja. Nikaongeza sauti, labda hawajasikia. Nikafungua dirisha. Kimya, hata mbwa wa Mama Onodera hakubweka. Nikatoka, nikakuta vifurushi vimetundikwa mlangoni: sabuni, majani ya chai, taulo. Shukrani za keki zangu, kila kimoja nusu ya thamani ya boksi, kama adabu inavyotaka.

Nikaenda hadi kwa Kuroiwa. Viatu vilijaa mlangoni pake mpaka nje. Alitoka, akaninong'oneza kwamba amewakusanya wote, na mbwa pia, ili nipige muziki bila kumwonea mtu haya. Rudi zako ujiachie, mzee, akasema. Nikainama, nikamshukuru. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Upande wa pili wa santuri niliusikiliza nikihama kiti hadi kiti, vyote sita. Upweke uliniuma, siwezi kuficha.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama Onodera alikuja mlangoni kuuliza kama muziki ulikwenda salama. Akasema marehemu mumewe alikuwa na redio ya vali, na yeye, bibi arusi mpya, alikuwa akipasha mikono joto juu yake. Akasema jana kwa Kuroiwa alichoka, jazi ile ni kelele tupu. Ungesema tu karibu, baba, ningekuja.

Kisha akabaki amesimama pale mlangoni. Akatazama viatu vyake, akatazama ndani. Mvua ilianza. Nikamhimiza arudi nyumbani haraka asije akapata mafua. Akaenda, polepole.

Maneno yake nimeyapima sana, na sasa kosa nimelijua. Maboksi yalikuwa madogo. Wiki hii nitanunua makubwa, na la kwanza nitampelekea yeye. Nitamwomba radhi kwa moyo wangu wote.