Vita vya Chungu cha Jibini, au Jinsi Obermätteli Ilivyochaguliwa

Njooni, enyi watu wa mabonde na wa nyanda, njooni ninyi wenye masikio mawili na hata wewe uliyebakiwa na moja! Waacheni ng'ombe wasubiri, funikeni supu isipoe, vueni viatu vyenu vya theluji hapo mlangoni maana sakafu nimeipiga deki leo, kisha mketi kimya mnisikilize. Nawasimulia vita. Havikupiganwa kwa mizinga wala kwa farasi, bali kwa uma mrefu na kipande cha mkate, mezani pangu mwenyewe, huku kwetu katika bonde la Emmental, jioni ya Jumapili moja ya Novemba. Na kilichopiganiwa kilikuwa kizito kuliko mipaka ya falme, yaani, ukoo wetu uende kuteleza kwenye theluji wapi katika wiki ya likizo ya baridi.

Na shujaa wa habari hii msimtafute mbali. Ndiye mimi, Bethli Zurbuchen, binti wa mtengeneza jibini, Simba Jike wa Benchi la Juani, Malkia wa Mablanketi, Mwenye Goti la Chuma, ambaye kwa umri huu siteremki tena mlima kwa mbao mbili, bali huketi chini yake na kuwakosoa wanaoteremka. Kazi hiyo naifanya kwa bidii kubwa, na sijawahi kuanguka.

Jueni kwanza sheria za nyumba yetu. Kwetu hakuna mfalme. Jambo lolote, liwe la kununua zulia au la kumpa paka jina, hupigiwa kura kwa kuinua mikono mbele ya watu, na anayeshindwa hununa kwa utaratibu. Jambo la likizo hupigiwa kura kwenye chungu cha jibini: chungu kizito juu ya moto mdogo wa spiriti, ndani yake jibini za aina mbili zimeyeyushwa pamoja na divai nyeupe na kitunguu saumu, na kila mtu ana uma wake mrefu, anachoma mkate, anachovya, anazungusha, anakula. Kura zikilingana, uma ndio huamua. Wa kwanza kudondosha mkate wake chunguni amepoteza sauti, na aliyebaki ndiye mchaguzi. Tena akiwa ni mwanamke aliyedondosha, sharti ambusu aliyeketi kushotoni kwake. Hiyo si sheria ya nyumba yangu, ni ya nchi nzima, na aliyeitunga bila shaka alikuwa mwanamume.

Tulikuwa wanne mezani. Alikuwepo Köbi, mume wangu, Mwamba wa Ukimya, aliyesema "ndiyo" siku ya harusi yetu na tangu hapo anapumzika. Alikuwepo Annegreth, binti yetu wa pekee, nuru ya macho yangu, ambaye kaolewa Lugano, ng'ambo ya mlima mkubwa. Na alikuwepo huyo aliyemchukua, mkwe wangu Elvezio, Dhoruba ya Kusini, mtoto wa watu wanaosema Kiitaliano, ambako mtu akifurahi hutamka kwamba amefurahi, mbele za watu, bila haya. Huyo nilimketisha kushotoni kwangu, ili nimchunguze kwa karibu.

Tangu Annegreth akiwa mdogo, ukoo wetu ulikwenda Obermätteli. Ewe Obermätteli, mama wa vijiji! Una kamba moja ya kuwavuta watu mlimani, nayo husimama kila mwenye kamba anapotaka kuvuta kiko. Una nyumba moja ya wageni, ambayo supu yake ya shayiri huweza kusimamisha kijiko wima. Na mbele ya nyumba hiyo una benchi linalopigwa na jua kuanzia asubuhi, ambalo mimi nimelikalia miaka mingi hata likachukua umbo langu, Mungu alisaidie.

Basi, jibini ilipoanza kutoa mapovu, Elvezio akasimama. Akaweka simu yake katikati ya meza kama mtu anayetandika ramani ya uvamizi, akanena:

"Mama, baba, mke wangu mpenzi! Mwaka jana Obermätteli hakukuwa na theluji. Kulikuwa na utepe mmoja mweupe uliotengenezwa na mashine, na pembeni majani mabichi. Mimi niliteleza, nikampita mbuzi anakula. Mbuzi, jamani! Alinitazama kwa huruma. Basi nasema twendeni Gletschhorn! Juu kabisa! Magari ya waya yanayokwenda kama risasi, theluji mpaka kiunoni, miteremko mirefu mpaka mtu anasahau alikotoka!"

"Juu kiasi gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

Akashusha sauti. "Najua, mama. Daktari amekukataza kulala juu hivyo, kwa sababu ya moyo. Ndiyo maana tumefikiri... wewe safari hii upumzike. Ubaki hapa, pale kwenye jiko lako la moto, na paka wako. Usisumbuke na mtu."

Annegreth akatazama sahani yake. "Wiki moja tu, mama. Utapata utulivu."

Utulivu! Enyi mnaosikiliza, hapo mkuki uliniingia. Maana wiki hiyo ndiyo pekee katika mwaka mzima ambapo binti yangu hulala chini ya paa moja nami; ambapo asubuhi hutoka chumbani nywele timtim akaniomba kahawa kana kwamba hajaolewa na mtu yeyote. Krismasi huja na kuondoka na treni ya jioni. Pasaka ni ya wakwe. Wiki ya theluji ilikuwa yangu. Lakini je, nilisema hivyo? Thubutu! Mimi ni mtu wa Emmental. Kwetu mtu anaweza kufa na neno kama hilo kooni, na tukamzika nalo, na watu wakasema alikuwa na tabia nzuri.

Badala yake nikainuka kwa kishindo, goti likalia, nikahutubia.

"Ewe Elvezio wa Lugano! Unadharau supu ya shayiri? Unalikana benchi? Hiyo theluji unayoililia, mwaka jana ilikuwepo, ila wewe ulikuwa unakwenda kasi hukuiona. Mbuzi yule namfahamu, anatoka katika familia nzuri. Na huko Gletschhorn, nimesikia, mtu akitaka kuketi juani lazima aagize kinywaji chenye mwavuli! Mababu zetu waliteleza kwa mbao za pipa, wakavunjika miguu yote, wala hawakulalamika!"

"Babu yako alilalamika mpaka anakufa," akasema Annegreth. "Wewe mwenyewe ulinihadithia."

"Alilalamikia mambo mengine."

Tukapiga kura. Kwa Gletschhorn, mkono wa Elvezio ukapaa, na wa Annegreth ukafuata polepole, kama mtu anayeinua ndoo. Kwa Obermätteli, nikainua wangu juu sana, nikatazama huku na huku katika uwanja ule wa upweke. Ndipo likatokea jambo ambalo ukoo haukuwa umelishuhudia: Köbi akainua mkono.

"Wawili kwa wawili!" nikapiga ukelele.

"Baba anaomba divai," akasema Elvezio.

"Mkono ni mkono!"

"Mama, anaonyesha chupa kwa kidole!"

"Kidole kiko kwenye mkono. Kura zimelingana. Shika uma wako, bwana mkwe."

Köbi akapata divai yake, akanywa, wala hakukanusha.

Enyi wahunzi wa zamani, mliofua panga, nipeni maneno ya kueleza pambano lile! Tukachoma mikate, yeye na mimi, tukaizamisha katika ziwa la dhahabu linalotokota. Yeye alizungusha kwa mbwembwe, kama anaongoza bendi. Mimi nilizungusha kama nilivyofundishwa na mama, taratibu, kwa alama ya nane, jibini isigande. Akatoa mkate wake ukiwa mzima, akala. Nikatoa wangu ukiwa mzima, nikala. Mara ya pili vivyo hivyo, na mara ya tatu. Jasho likamtoka kwenye kipara. Mimi miwani iliingia ukungu nikawa napigana kipofu, kwa kunusa.

"Umechoka, mama?" akasema.

"Mimi? Naona wewe ndiye unapumua kama ng'ombe wa kulima."

"Ni jibini. Imezidi kitunguu."

"Basi toka vitani uende ukapigwe na upepo."

Sasa sikilizeni, na msinihukumu haraka. Shujaa wa kweli hana aibu ya kutumia hila. Nilipoona mkono wake hautetemeki, nikaupeleka uma wangu chini ya jibini, kimyakimya, kama mamba, nikautafuta mkate wake ili niusukume kidogo. Kidogo tu! Kuusaidia kuamua. Nikaugusa. Nikausukuma. Ukakataa. Nikausukuma kwa nguvu ya Mwenye Goti la Chuma, na hapo nikahisi uma wangu umekuwa mwepesi ghafla, mwepesi kama dhamiri ya mtoto. Nikauinua. Meno ya uma yalikuwa matupu.

Mkate wangu ulielea kidogo juu ya mawimbi, ukageuka, ukazama.

"Umedondosha," akanong'ona Annegreth.

"Umepumzika tu," nikasema. Lakini hakuna aliyecheka.

Hivyo ndivyo alivyoanguka Simba Jike wa Benchi, kwa uma wake mwenyewe, katika uovu wake mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa imepotea. Na bado deni la nchi lilikuwa linanisubiri, kushotoni.

"Sheria ni sheria, mama," akasema Elvezio, akanitolea shavu, huku anacheka. Alikuwa na haki ya kucheka.

Nikainama nimbusu adui. Shavu lilikuwa la moto na lilinuka divai. Na hapo, enyi watu, kwa karibu vile, nikaona kwamba kijana huyu ana mikunjo machoni, kwamba siku moja nilikuwa sipo naye akazeeka kidogo. Na pua ikaanza kuniwasha, na miwani ikaingia ukungu upya, safari hii kutoka upande wa ndani.

"Mama? Unalia?"

"Ni spiriti. Moto huu unatoa moshi."

"Spiriti haitoi moshi."

"Hii inatoa."

"Mama," akasema Annegreth, akaweka uma chini. "Kuna nini?"

Hapa majeshi yote ya Emmental, walio hai na waliolala makaburini, yalisimama kooni mwangu mikuki mbele kuzuia njia. Nikameza divai. Nikaikunja leso ya meza, nikaikunjua. Kisha nikafanya tendo ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kulifanya, nikiwa nimetazama kitasa cha mlango.

"Nataka kuja," nikasema. "Sijali supu. Nataka kuwa mahali mtakapokuwa ninyi."

Jibini iliacha kutokota, ingawa labda ni kwa sababu moto ulikuwa unakwisha.

Elvezio akauweka uma wake chini. "Lakini mama, wewe unachukia kule! Kila mwaka! Kitanda kigumu, ulisema. Jua linakupiga jicho moja tu. Supu nzito. Watu wanateleza vibaya makusudi ili kukuudhi. Wiki nzima, asubuhi mpaka jioni! Nilimwambia Annegreth, tumemtesa mama yako vya kutosha, tutafute mahali ambapo daktari atamkataza, apate sababu ya kubaki bila kuona haya!"

Nikamtazama binti yangu. "Na wewe ulikubali? Wewe uliyezaliwa nyumba hii?"

"Miaka mingi niko Lugano, mama," akasema, uso umemwiva. "Huko mtu akisema kitanda ni kigumu, wanabadilisha kitanda."

Ndipo Köbi, Mwamba wa Ukimya, akaweka glasi chini.

"Akiwa na furaha," akasema, "hulalamika. Akinyamaza ndipo umwite daktari."

Nawaapia, hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na baada yake ilibidi aongezewe divai.

Elvezio akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba ramani aliyoishika ilikuwa juu chini tangu siku ya harusi. Kisha akasimama, akafuta mikono, akainua uma wake kama fimbo ya enzi.

"Aliyebaki na mkate ndiye mchaguzi. Siyo?"

"Ndiyo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi nimeshinda, na mtu asinipinge. Nachagua Obermätteli. Mimi na baba tutapanda treni siku moja twende Gletschhorn tukateleze mpaka tuchoke, tukirudi jioni tutawakuta mmeketi mnatusengenya."

Annegreth akaja akaniegemea begani, nami nikamwambia ananiumiza bega, ila asiondoke.

Papo hapo Elvezio akampigia simu mama Nydegger, mwenye nyumba ya wageni. Tulisikia sauti yake mpaka mwisho wa meza: wiki ile nafasi ipo, lakini vyumba vya mbele vimekwisha, vimebaki viwili vya nyuma, vinavyotazama zizi.

"Zizi!" nikapaza sauti. "Harufu ya ng'ombe puani usiku kucha! Na kengele zao! Na dirisha lile halifungiki, tutagandishwa kama samaki!"

Elvezio akafunika simu kwa kiganja, akanitazama machoni, taratibu akatabasamu. Kisha akauondoa mkono.

"Mama Nydegger," akasema, "mama mkwe amefurahi sana. Tuandikie vyote viwili."

Basi wapeni habari walio mbali, wachonge kwenye jiwe wenye muda wa kuchonga: siku hiyo Emmental iliteka Obermätteli kwa kushindwa vita, shujaa alisema maneno mawili bila kufa, na jibini yote ililiwa.