Ombi la Kurushwa Madaraja Mawili ya Uchungaji

Kwa Katibu wa Jimbo,
Mchungaji Hezron,

Bwana asifiwe, na pole na makaratasi ya ofisi.

Anayekuandikia si muumini wa kiti cha nyuma. Kutoka Tunduma hadi Isongole hakuna mkutano wa injili uliowahi kuanza kabla mimi sijakohoa kwenye maiki. Nimeshangaa basi kusikia kwamba jimboni sina daraja lolote. Eti kuna Cheti cha Mtendakazi, halafu Leseni ya Mhubiri, ndipo mtu awekewe mikono awe Mchungaji kamili wa kufungisha ndoa, na kila daraja miaka miwili. Mpwa wangu Brenda anaolewa Jumamosi ijayo, na wakwe wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nimeshawaambia nafungisha mimi. Brenda mwenyewe kasema, "Sawa, Mjomba, ila cheti cha ndoa kiwe cha kweli." Nalalamika hivi:

1. Mwaka juzi alikuja mhubiri wa Zambia, mkalimani nikiwa mimi. Akisema dakika moja, mimi natafsiri dakika nne. Kibemba changu ni cha kuuzia mchele, mengine Roho alijazia. Waliokoka watu kumi na tisa. Jimbo liseme, siku ile alihubiri nani?

2. Kule Kamsamba niliombea mvua. Ilinyesha siku kumi na moja, kambale wakaingia kanisani wakakaa upande wa wanaume. Mwenye leseni yupi amefikia hapo?

3. Jirani yangu Hamis, dereva wa malori, Mwislamu mwenye heshima zake, ananicheka: "Mjomba, mwenye leseni ya bodaboda hapewi semitrela. Wewe hata ya baiskeli huna." Nikamwambia baiskeli haina leseni. Akasema, "Ndiyo maana nakuachia hiyo." Yaani jimbo limenifanya nishindwe hoja na mtu wa usukani.

4. Mchungaji Aliko, anayetajwa kufungisha badala yangu, ana madaraja yote lakini sauti haifiki mstari wa tatu. Wakwe watavuka mpaka kurudi kwao wasijue kama ndoa imefungwa au imeahirishwa.

Kwa hiyo naomba nirushwe madaraja mawili, niwekewe mikono kabla ya Ijumaa. Kama wazee wamesafiri, hata mkono mmoja nitaupokea. Ikishindikana, lianzishwe daraja la nne juu ya yote, Mchungaji wa Mpakani, lisilodai kupitia yale ya chini. Nitakuwa wa kwanza, na wengine wote watakuja kwangu kuhakikiwa, nikianza na wewe, kwa upendo.

Nisalimie mama mchungaji, kwaya yote, na mlinzi wa getini aliyenizuia mara mbili. Mwambie nimemsamehe ile ya kwanza.

Wako katika shamba la Bwana,
Mjomba Nikodemo Simbeye

N.B. Nimejaribu kujaza fomu ya daraja la kwanza. Swali la pili linataka tarehe ya ubatizo wa maji mengi. Siku ya kundi letu, pale Mto Momba, mimi nilishika taulo. Kila aliyetoka nikampa lake, mpaka yakaisha, watu wakadhani na mimi nimeshazamishwa. Naogopa maji, Mchungaji. Aliko awafungishe tu, Brenda asije akaolewa nusu. Mimi nipangie siku ya katikati ya wiki, mahali maji yanapoishia magotini, na Hamis asijue.