Chumba cha Jua na Wakwe Waliofika Mapema

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Naandika nikiwa chumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Zaituni mke wangu yuko sebuleni anacheka. Akinyamaza nadhani yameisha, kumbe anavuta pumzi. Basi afadhali kisa mkisikie kutoka kwangu kabla hakijafika sokoni Kikuubo, maana kule kila kitu huuzwa kwa jumla.

Tuanze na chumba.

Wengi wenu mnakijua, nimewachosha na picha zake. Kile chumba cha vioo nilichokibandika ubavuni mwa nyumba yetu hapa Mbuya. Wazo nililipata kwenye video. Bwana mmoja wa ughaibuni kakaa ndani ya vioo, kikombe mkononi, nje theluji inaanguka, yeye anaota jua kama mjusi. Nikasema na mimi nitaota jua! (Sikujiuliza mara ya mwisho nililikosa jua Kampala ilikuwa lini.)

Binamu yangu Hadija ni msanifu majengo. Alinichorea kitu cha maana: paa la bati lenye dari, limetokeza nje kama ukingo wa kofia ya pama ili mvua isipige ndani. Ukuta wa tofali upande wa magharibi. Madirisha yanayotazamana, upepo wa ziwani uingie huku utokee kule.

Nikamuuliza, "Hadija, jua liko wapi hapa?"

"Kaka, huko ughaibuni jua hupita pembeni, wanalitafuta. Hapa linakukalia utosini. Paa ndilo la kuliogopa."

"Chumba cha jua chenye paa la bati si stoo hiyo?"

Akakunja mchoro wake, akaondoka. Nikajichorea mwenyewe. Vioo pande tatu, juu paa la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, safi kama maji ya chemchemi. Madirisha ya kufungua nikayafuta, yanaharibu sura. Hadija alinipigia simu akanisihi hadi nikakubali katundu kamoja ka hewa, huko juu karibu na paa.

Sasa, Mbuya tumejengeana ubavu kwa ubavu. Sikutaka jirani anione nikinywa chai. Nikabandika tinti kwenye vioo, ile inayong'aa. Aliye ndani anaona nje, aliye nje anajiona mwenyewe. Tukaijaribu, Zaituni ndani, mimi bustanini. Anasema alinitolea ulimi na kunikatia kiuno. Mimi sikuona chochote ila tumbo langu. Nikaridhika kabisa. (Siku hiyo paa lilikuwa bado. Juu palifunikwa turubai jeusi, ndani giza kama pangoni. Nyinyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.)

Jana jioni mafundi wakaondoa turubai, wakaweka lile paa langu safi.

Na leo nilikuwa na wageni.

Si wageni wa hivi hivi. Mdogo wangu Rukia anaposwa. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni mimi. Kijana anaitwa Idi, mpole, anauza vitambaa, na yeye na Rukia wamesubiriana kwa muda mrefu. Tatizo ni ami yake aliyemlea, Mwalimu Swaleh, anayefundisha madrasa kule Kibuli. Inasemekana kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao mpaka leo wakimwona barabarani hutema bazoka wanayotafuna.

Rukia alinifuata asubuhi, macho mekundu.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja. Leo usifanye utani. Mwalimu akiona sisi ni watu wa mzaha, atamwambia Idi atafute kwingine. Na Idi hawezi kumpinga ami yake."

"Mimi? Utani?"

"Kaka Nasoro!"

"Kale, kale, sawa. Leo nitakuwa mtu wa heshima."

Wageni walitakiwa baada ya alasiri. Nikaamua nitawapokea katika chumba cha jua, wajue wanaoa kwa watu. Baada ya adhuhuri nikaingia kupanga. Nilikuwa nimeshavaa kabisa: kanzu nyeupe yenye tarizi nyekundu kifuani, suruali, kofia. Nikatandika mkeka mpya. Nikapanga viti vya matete. Nikaweka halua katikati ya meza.

Jamani. Jua la mchana lilikuwa limekaa juu ya lile paa kama kuku juu ya mayai. Halua ikaanza kutembea. Naitazama hivi, inashuka kwenye sahani taratibu, inaelekea mlangoni. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Kuivua kanzu, nikaona mgongo wake umechora ramani ya ziwa lote na visiwa vyake.

Nikamwita Zaituni. Akafungua mlango wa sebuleni, akarudi nyuma kama mtu aliyefunua sufuria.

"Hapa ndipo utawakalisha wazee wa watu? Unawapika?"

"Litapoa. Nisaidie kanzu hii, ianike upenuni kisha uipige pasi."

"Na suruali?"

Suruali nayo ilikuwa imeloa. Nikampa na suruali. Nikabaki na fulana ya ndani na bukta. Bukta yenyewe ni ile niliyonunuliwa na watoto kwa kunitania, ya manjano, ina picha za nanasi. Nanasi zimevaa miwani. (Nani angeiona?)

Zaituni akafunga mlango kwa ufunguo. "Moto wako usiniingilie sebuleni," akasema, akaenda na nguo zangu uani.

Mimi nikabaki kufanya mazoezi ya hotuba. Walii lazima aongee kwa uzito. Nikachukua sinia nijipepee, nikaanza kutembea huku na huku, kidole juu.

"Sisi ni watu wa heshima!" Najipepea kwapa la kulia. "Binti yetu tumemlea kwa adabu!" Kwapa la kushoto. "Hatutaki mchezo!" Hapo nilijipepea sehemu nyingine ambayo sitaitaja.

Kugeuka, nikaona watu bustanini.

Ndio wao! Mapema! Kampala hii ambayo jamu inaweza kukuotesha mvi, leo barabara ya Mbuya ilikuwa nyeupe. Geti lilikuwa wazi, na njia ya kuelekea mlango mkubwa inapita pembeni ya vioo vyangu. Mbele Mwalimu Swaleh, mrefu, ndevu nyeupe, koti jeusi juu ya kanzu. Nyuma yake mkewe Mama Sauda, mama wa Kiganda mwenye gauni la gomesi la zambarau. Idi akafuata na kapu la zawadi, kalikumbatia kama mtoto mchanga.

Je, nilishtuka? Hata kidogo. Si wananiona? Hawanioni! Kuna tinti! Nikafurahi kabisa, nikasema hii ndiyo nafasi ya kumpima mtu kabla hajakuvalia sura ya ugeni. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo.

Mwalimu akasimama. Akanigeukia moja kwa moja. Akainua mkono hadi usawa wa kichwa.

"Anarekebisha kofia," nikajiambia. "Hata wacha Mungu hujipenda."

Kisha midomo yake ikacheza. Kupitia kale katundu ka hewa nikasikia kwa mbali, "Assalaam alaykum."

Nilikaribia kuanguka kwa kicheko. Mzee anajisalimia kwenye kioo!

Na hapo, ndugu zangu, shetani wa utani akanipanda. Nikasema kama anajitafuta kwenye kioo, basi mimi nitakuwa kivuli chake. Akaweka mkono kifuani, nami nikaweka mkono kifuani. Akainamisha kichwa kidogo, nikainamisha. Akashika ndevu, nikashika ndevu nisizokuwa nazo, nikazivuta mpaka kiunoni. Akakunja uso. Nikakunja wangu, nikauongezea na midomo. Akarudi hatua moja nyuma. Nikarudi, huku natikisa bega, sinia nimeliweka kichwani badala ya kofia yake.

"Jitazame vizuri, mzee," nikasema kwa sauti. "Hilo tumbo umelipangisha au ni lako?"

Idi aliinama akitazama kapu kama anayetafuta mlango humo ndani. Mama Sauda ndiye aliyefungua kinywa, na sauti yake haikuhitaji tundu la hewa.

"Banange! Mwalimu, huyu ssebo iko wapi sululali yake?"

Nikageuka nyuma kuangalia ni ssebo gani, bwana gani huyo aliyeingia bila suruali.

Hapakuwa na mtu.

Nikatazama chini. Nanasi zote zilikuwa zinanitazama na miwani yao.

Sijui mmewahi kuhisi jasho la baridi ndani ya tanuri. Nililihisi. Nikamwangalia Mwalimu, naye akaniangalia, macho kwa macho. Akainua kidole, akagonga kioo taratibu, mbele kabisa ya paji la uso wangu. Ngo, ngo, ngo.

"Bwana Nasoro," akasema. "Salamu hujibiwa."

"Wa alaykum salaam!" nikapiga kelele. Nikaruka mlangoni. Umefungwa! Nikaugonga kwa sinia. "Zaituni! Zaituuuni!"

Kutoka uani: "Subiri! Kanzu bado mbichi!"

"Fungua!"

"Nimesema mbichi!"

Vioo pande tatu, mlango umefungwa, wakwe wanatazama. Nijifiche wapi? Nyuma ya kiti cha matete? Kiti cha matete ni matundu matupu. Nikaangalia chini, nikauona mkeka. Nikauvuta, nikajiviringisha kuanzia kwapani hadi vifundoni, nikasimama wima katikati ya chumba. Kichwa nje, mikono ndani. Halua ikawa imefika sakafuni, nikaikanyaga, ikanishika. Nikawa siwezi hata kusogea.

Wakati huo huo Rukia akatokea mlango mkubwa, kajipamba, ushungi wa hariri, anakuja kupokea wageni kwa tabasamu. Akamwona Mwalimu. Akafuata macho ya Mwalimu. Akaniona.

Sitasahau uso ule. Hakupiga kelele. Aliweka tu mikono yote miwili kichwani, kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua. Hapo utani wote ukanitoka. Nilimwona mdogo wangu, aliyeniomba kitu kimoja tu.

Zaituni alipofungua mlango na kuukuta mkeka umesimama, alisema, "Bismillahi." Kisha akaona wageni nje. Akanivuta ndani kama zulia la kuuza, halua ikafuata na nyuzi zake.

Tukawakaribisha sebule ya zamani, yenye mapazia na feni. Nikavaa kanzu mbichi ikanishika mgongoni. Nikaketi. Hotuba yote ilikuwa imeyeyuka. Nikasema ukweli tu.

"Mwalimu, nisamehe. Nilidhani hamnioni. Mimi ndiye mpumbavu wa nyumba hii, na niko peke yangu katika cheo hicho. Rukia hafanani na mimi. Msimhukumu kwa makosa yangu."

Nyuma ya pazia la ukumbini nilisikia Rukia akishika pumzi. Mwalimu akaomba maji. Akanywa yote, polepole. Akaifuta midomo.

"Nimefundisha watoto tangu ujana wangu," akasema. "Wote wameniigiza nyuma ya mgongo wangu, najua. Wewe ni wa kwanza kuniigiza mbele ya uso."

Nikatazama miguu yangu.

"Na tumbo," akaongeza, "ni langu. Sijalipangisha."

Mama Sauda akajaribu kuzuia kicheko kwa ncha ya gomesi. Hakuweza. Alicheka mpaka akamshika Zaituni bega, Zaituni naye akaanguka, Idi akafuata, na nawaapia, ndevu nyeupe za Mwalimu Swaleh zikaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, machozi yanatoka.

Alipotulia akasema, "Watu wengi humficha kichaa wao mpaka ndoa ipite. Nyinyi mmetuonyesha wa kwenu mapema. Huo ni uaminifu. Tunamtaka Rukia." Kisha akamgeukia Idi. "Lakini harusi isiwe kwenye vioo."

Rukia amekubali kuolewa. Kuongea na mimi bado hajakubali.

Wageni walipoondoka nikampigia Hadija, nikalalamika nimeuziwa tinti mbovu. Akaniuliza paa ni la nini. Nikamwambia.

"Kaka, tinti ile hufanya kazi pale ndani kukiwa na giza zaidi kuliko nje. Wewe umeleta jua lote ndani. Umejenga kandili, kisha ukaingia mwenyewe uwe utambi."

Kesho anakuja na mchoro wake wa kwanza. Paa la bati lenye dari, ukingo mpana, ukuta wa magharibi, madirisha yanayotazamana. Sitasema neno. Nitashika ncha ya tepu ya kupimia na kuitikia naam.

Basi ndiyo hivyo. Ukitaka kujenga chumba cha vioo Kampala, anza na paa, na kabla ya paa, anza na suruali. Na wewe unayesoma huku umeziba mdomo, nakuona.