Mgomo Wangu wa Kisigino

Alhamisi, 4 Septemba 2025
Barua! Kutoka kwa Mama Skolastika, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kukausha dagaa hapa Mwamgongo. Eti mimi, Bonaventura, bado naanika dagaa mchangani badala ya kwenye kichanja. Nisipojirekebisha kufikia Jumatatu, kichanja changu anapewa Adolf. Adolf, anayenuna hata akisalimiwa! Mwishoni katibu kaongeza Kiingereza: mimi ni "recalcitrant".

Ijumaa, 5 Septemba
Nimemwendea katibu, Mwalimu Yona, mstaafu. Kasema neno hilo ni la mtu asiyetii wakubwa. Asili yake Kilatini: kurusha teke nyuma kwa kisigino, kama punda aliyekataa mzigo. Ajabu! Warumi walinifikiria kabla sijazaliwa! Nimerudi nikitembea kwa visigino. Mke wangu Yunisi kauliza kama nimechomwa na mwiba.

Mpango: mgomo. Kuanzia kesho, siku tatu, hakuna kukausha dagaa mpaka barua ifutwe. Nimepita kila nyumba. Wote wamekubali, hata Adolf. Tena katabasamu!

Jumamosi, 6 Septemba
Ushindi! Vichanja vitupu ufuoni kote. Wavuvi nao wametuunga mkono: mitumbwi imepumzika, wanashona nyavu. Nimekagua ufuo mara nne, mikono nyuma. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumapili, 7 Septemba
Jioni Yunisi kanitoa nje, kaniambia nitazame juu. Mwezi! Umejaa, unachomoza nyuma ya milima. Mbalamwezi! Ukiwa hivi dagaa hawafuati taa, wavuvi hawaendi ziwani, sisi hatuna cha kukausha. Miaka kumi na moja niko kwenye kazi hii, nimesahau kutazama juu! Kasema ufuo mzima unanicheka tangu Ijumaa. Kesho kichanja kinakwenda. Roho inauma.

Jumatatu, 8 Septemba
Kikao. Mama Skolastika kaanza kusoma mashtaka, kacheka mpaka kakaa chini. Mzee Anatoli, mwanachama mwenzetu, kapaliwa na chai. Mama kasema aliyechekesha Mwamgongo nzima hafukuzwi. Nibaki na kichanja changu, ila nioshe vichanja vyote. Nimebaki! Kwa furaha nimemkumbatia Adolf, bila kukusudia.

Jumanne, 16 Septemba
Dagaa wamerudi. Nilianza na vichanja vya wenzangu, changu nimekiosha leo. Kimelowa chepechepe. Kwa hiyo dagaa wangu nimewaanika mchangani.

Barua nyingine! Basi, mgomo wa pili. Safari hii nimekuwa mjanja: tarehe nimemwachia Adolf achague. Kachagua 6 Oktoba, siku thelathini, mwezi kamili, tangu kuanza ule wa kwanza. Wote wamekubali papo hapo. Mama Skolastika mwenyewe kaahidi kuwapikia wagomaji maharage.

Wameanza kukiogopa kisigino!