Barabara ya Lami Inayopita Sebuleni Kwangu

Kwa Katibu wa Chama Chetu Tawala,
Ofisi ya Chama, ghorofa ya juu.

YAH: KUTELEKEZWA KWA MAFANIKIO YA UKURASA WA KUMI NA NNE

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri na kiti chako hakilegei. Kikilegea, niite. Mimi ni fundi makochi, na mtaa mzima unajua habari ya kochi langu lililoanguka kutoka kwenye lori, likatua kwa miguu yake minne, na mteja aliyelinunua akalikalia palepale kusubiri lori ligeuze. Shule niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani, ambalo kwa sasa ni chuo kikuu na chenji inabaki. Kwa hiyo nitakueleza kwa mpangilio.

Mimi si mpinzani. Kitabu chenu cha mafanikio ya Chama madarakani ninacho, kinakaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Ukurasa wa kumi na nne una ramani, na kwenye ramani kuna mstari mwekundu, barabara ya lami kutoka sokoni hadi zahanati. Mstari huo unapita sebuleni kwangu. Siku ya uzinduzi, utepe ulifungwa kwenye nguzo ya kamba yetu ya nguo. Mheshimiwa akaukata, nikapiga makofi mpaka saa ikanichomoka mkononi. Kisha akapanda gari akarudi alikotoka, kwa kuwa, alisema, hakutaka kuichafua barabara ingali mpya. Wengine waliguna. Mimi nilimwelewa.

Barabara yenyewe hadi leo haijaonekana kwa macho. Hilo silalamikii. Upepo nao hauonekani, na mabati unang'oa. Ninacholalamikia ni kwamba mmeizindua mkaitupa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi ya umeme. Nina cherehani ya umeme ya kushonea vitambaa vya makochi. Niliinunua mapema ili maendeleo yakifika yanikute tayari. Mpaka sasa imefunikwa shuka kama mgonjwa, nami nashona kwa mkono, kochi moja wiki mbili, huku wateja wakihamia kwa fundi wa mtaa wa pili, mtu ambaye hupigilia msumari amefumba macho. Nilipokwenda kuomba umeme, dada wa kaunta alifungua kitabu hichohicho chenu akaniambia nimwoneshe kwangu. Nikaweka kidole. Akasema, "Baba, hapa ni katikati ya barabara. Hatuvuti umeme kwa mtu anayeishi barabarani." Kwanza nilifurahi kuona vijana wanakisoma kitabu. Furaha iliniishia kwenye ngazi.

2. Dharau. Jirani yangu kinyozi, tunayemwita Kipara kwa sababu unazoweza kuzikisia, siku hizi haingii kwangu bila kusimama mlangoni na kutazama kulia, kushoto, kulia tena. Eti anaogopa malori. Nikimkaribisha kiti anauliza kama hapo panaruhusiwa kuegesha. Mama watoto, badala ya kunitetea, alimjibu aegeshe tu, shemeji, ila chakula kikiiva kabla hajaondoka, atavutwa kwa kamba.

4. (La tatu limenitoka, likirudi nitaliandika.) Wapinzani. Walifanya mkutano hapa, mtu wao akapanda jukwaani na kutamka kwamba barabara ya ukurasa wa kumi na nne haipo. Nilisimama katikati ya umati nikamwambia ipo, na mimi naipita kila asubuhi. Akaniuliza naipita kwa usafiri gani. Nikamwambia kwa ndala. Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika, na wapinzani wakaondoka bila spika zao. Ule ulikuwa ushindi wa Chama, na aliyewashindia ni mimi. Je, nimewahi kudai hata fulana?

3. Limerudi. Matunzo. Mvua ikinyesha, sebule inajaa tope mpaka kwenye miguu ya makochi ya wateja. Nikiandika kwamba paa linavuja, mtaniambia barabara haina paa. Kwa hiyo naandika kwamba barabara imechakaa na ina mashimo. Kwa upande wangu nimejitolea: nimechora mstari mweupe wa chaki katikati ya sakafu, wageni wanaingilia kushoto na kutokea kulia. Tuta tunalo tayari, kwani mama mkwe hujilaza mlangoni mchana, na hakuna binadamu anayethubutu kupita pale kwa kasi.

5. Nyumbani kwenyewe. Mama watoto anasema niache maneno mengi, niandike tu kwamba hakuna barabara, kuna nyumba, na fundi anataka umeme kabla wateja hawajaisha. Nimemwambia siasa haijui. Mkichomoa ukurasa mmoja, kitabu kizima kitabonyea kama kochi lisilo na springi. Siwezi kukiaibisha Chama kwa ajili ya cherehani.

Basi ombi langu liko ndani ya mafanikio yenu wenyewe. Ukurasa wa kumi na tano umesema barabara zote za lami zina taa. Umeme wa nyumbani umekatazwa barabarani, sawa, lakini taa ya barabarani usipoiweka barabarani utaiweka wapi? Naomba nguzo moja tu, isimame sebuleni, baina ya meza na cherehani. Paa nitalitoboa mwenyewe. Kutakuwa na kijiwaya kinachoshuka kutoka kwenye taa kwenda kwenye cherehani, na hicho msikijali, ni cha usalama barabarani. Pia naomba mlete mafundi na mitambo, waikarabati barabara hii ipate hadhi yake. Mkichelewa, nitaifunga, na foleni itakayofika hadi sokoni mtajieleza wenyewe.

Nisalimie mheshimiwa, mlinzi wa getini aliyenizuia kupanda ngazi (sina kinyongo naye, alikuwa kazini), mama anayewapikia chai, na wote waliopigwa picha kitabuni, hata wale wa nyuma waliokatwa vichwa. Mama mkwe naye anawasalimu, ingawa mwenyewe amenikataza nisiandike hivyo.

Ndimi mlinzi wa mafanikio yenu bila mshahara,

Fundi Makochi

Nyongeza: Naandika haya nikiwa nimesimama. Sijafunga hata bahasha, greda limefika. Msimamizi mwenye kofia ngumu anasema barabara ya ukurasa wa kumi na nne imezeeka, kwa hiyo imepangiwa ukarabati na upanuzi. Ameshapaka alama ya X nyekundu ukutani. Mama watoto anatoa makochi ya wateja nje. Mama mkwe ameketi mbele ya greda na hajibu salamu ya mtu. Nimemwapia msimamizi kwamba barabara ni nzima, haina shimo hata moja, akanijibu, "Kama ni nzima, mzee, mbona umejenga juu yake?" Ndugu Katibu, piga simu sasa hivi, dereva hajazima injini. Chaneni huo ukurasa. Hakuna barabara, haijawahi kuwepo. Hapa ni nyumba, na watu wamo ndani.