Jinsi Tonton Ghislain Alivyoilaza Moto Yake

Sogezeni viti, jamaa wa Bruseli, mlio kazini na mlio kwenye chômage, mnisikilize nikisimulia vita alivyopigana Tonton Ghislain, simba wa Anderlecht, mwana wa Bukavu, mpanda chuma kingurumacho, siku alipokwenda kuilaza moto yake kwa majira ya baridi.

Moto yenyewe, nyekundu, ilikuwa imeshashushwa cave, stoo ya chini ya jengo, imefunikwa kama mfalme aliyefariki. Naye Maman Alphonsine, mkewe, mwenye neno lisilorudi nyuma, alikuwa amekata shauri mbele ya sahani za fufu: chuma kisichotembea hakitakula bima ya barabarani hiver nzima, baridi yote. Ama bima isimamishwe wiki hii, ama moto iuzwe kwa shemeji yake, Mathieu. Mathieu, jamani, mtu wa kupanda moto na sandale!

Basi Ghislain akajifunga skafu kama dirii, akashuka metro, akatokea Matonge kwa wakala mmoja wa bima, alikoambiwa yuko mtu wa Kiswahili, maana Kifaransa cha bima kilikuwa kimeshamwangusha mara nyingi. Mezani aliketi Riziki, binti wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama reli.

"Dada, minataka kusimamisha bima ya moto," akanguruma shujaa. "Moto iko mu cave, chini ya immeuble. Italala pale hiver yote."

Riziki akaacha kuandika. "Moto uko chini ya nyumba ya watu?"

"Nimeifunika muzuri na bâche."

"Na unawaka?"

"Non, niliizima dimanche. Lakini kila semaine nitashuka niiwashe kidogo, isikufe."

Mkono wa Riziki ukaanza safari ya polepole kuelekea simu. Akamuuliza kwa upole, kama asemeshwavyo mtu aliyesimama ukingoni mwa paa, iwapo kuna mwingine anayejua habari hiyo.

"Bibi yangu anajua. Ni yeye hataki."

"Ana haki, baba. Ngoja niwaite zimamoto."

"Ya kazi gani? Nimekuambia niliizima mimi mwenyewe."

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia picha ukutani, nyumba ikiteketea, na shujaa akafahamu amesimama katikati ya uwanja gani. Neno la kumwokoa alilijua. Lakini alikuwa ameapa kutolitamka juu ya moto yake, kwa kuwa kwake pikipiki ni ile ya kule nyumbani, ya kubebea mbuzi na makaa. Akaziona sandale za Mathieu.

"Pikipiki," akasema, chini chini.

Riziki akarudisha simu, akacheka hata akavua miwani. Kisha akailaza bima ya barabarani mpaka printemps, baridi itakapokwisha, akaiacha ya wizi. "Na ya moto, baba?"

"Ile ya kuwaka? Iache, dada."

Jioni, Maman Alphonsine alipokwisha kuridhika, Ghislain alishuka cave, akafunua bâche, akaipapasa tangi. "Nilikuita jina mubaya," akaiambia. "Lakini uko hapa."

Basi na ikumbukwe kote Anderlecht hata Jette: simba aliangushwa na neno moja, akasimama kwa neno moja, na Mathieu, hata leo, anapanda tram.