Mshale Unaopotea

Jumatatu, 8 Juni 1998

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni, Mlima Meru haupo kabisa. Mama Anande, mwenye ofisi yetu ya uchapaji hapa Sekei, katangaza makubwa: taipureta zote zinakwenda stoo, na Ijumaa atachagua mwalimu wa darasa la kompyuta. Mmoja kati ya wawili. Mimi Abdiel, miaka kumi na miwili ya kuchapa. Au Fransiska, miezi mitatu, na cheti chake cha kompyuta kutoka Moshi. Nimejiona tayari. Tai ya bluu. Darasa zima limesimama: shikamoo mwalimu! Nimeota mpaka chai ikapoa.

Tatizo dogo tu. Ule mshale wa kwenye kioo cha kompyuta. Mweupe, mdogo kama punje ya mchele, na ukurasa nao mweupe! Nikipepesa macho, haupo. Fransiska haulizi, lakini anajua. Najua kwamba anajua.

Jumanne, 9 Juni

Nimepata dawa. Anayeuzururisha mshale ni mausi, kile kidude cha kusogeza kwa mkono. Basi mausi ifungwe. Nimeifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, kama mbuzi, ili mshale usiende mbali. Kweli haukwenda mbali. Ulibaki kona ya chini, kusikofaa kitu. Barua haifunguki, haifungiki. Fransiska kauliza kwa upole mausi imefanya kosa gani. Nilitazama dirishani. Ukungu ulikuwa unapita taratibu juu ya migomba, na ndani yake nikaona mishale, mingi, inateleza bila sauti.

Jumatano, 10 Juni

Ushindi! Fransiska alipokwenda kula makande, nikaifungua mausi uzi wake, nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta. Kuna mahali unachagua, mshale unaota mkia! Ukiusogeza, mishale mingine inaufuata, inafifia mmoja mmoja. Kama yangeyange wanaporudi jioni kutoka mashamba ya Nduruma. Nimeusogeza kushoto. Kulia. Polepole. Nilikuwa mbali, juu ya mahindi, mwepesi, sina hata viatu.

Kumbe mzee Saruni alikuwa amesimama nyuma yangu tangu saa sita, anangoja barua ya kumwombea mjukuu wake shule.

"Ni nzuri sana," alisema. "Lakini barua yangu iko wapi?"

Alichapiwa na Fransiska.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeongeza. Mkia mrefu kuliko yote, mshale mkubwa kuliko yote, mweusi. Unaonekana kutoka barabarani! Fransiska anasema kwa mkia huo mtu hawezi kujua mshale upi ni wa kweli. Wivu. Yeye kashinda akichapa majina ya kikundi cha akina mama wa maziwa, kutoka magharibi ya Meru. Wanachama arobaini na wawili. Kesho wanakuja kuyachukua, na saa tisa yawe wilayani, la sivyo kikundi hakiandikishwi mwaka huu. Mama Anande anataka tuonyeshe ufundi mbele yao. Nimeomba nianze mimi. Tai imepigwa pasi.

Ijumaa, 12 Juni

Wamekuja akina mama watano, mbele mwenyekiti wao, bibi kizee Koko Naisiae, shuka jekundu juu ya sweta. Nikatoa shikamoo, nikashika mausi. Mishale ikaruka! Wakasema eeeh! Nikazungusha tena. Nikasahau niko wapi.

Kisha nikataka kufuta barua yangu ya mazoezi kwenye disketi, ile ile yenye majina yao, waone usafi wa kazi. Mishale yote ilikuwa juu ya barua yangu. Isipokuwa mmoja, ule wa kweli. Huo ulikuwa juu ya majina yao. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nina hakika!

Majina yote yakafutika. Mama Anande alikaa chini.

Fransiska hakunigombeza. Alivuta kiti. "Mama zangu, nitajieni upya."

Wakayataja, boma kwa boma, huyu akisahau yule anakumbuka. Nilifumba macho. Nilisikia njuga za ng'ombe, naapa. Saa nane na nusu walitoka mbio na karatasi ikiwa bado ya moto.

Lakini kwanza Koko Naisiae aliishika mausi, akaitikisa mara moja, akauonyesha mshale kwa kidole.

"Mwanangu, ndama wangu kwenye majani marefu namtafuta hivi hivi. Naangalia kinachotikisika."

Mwalimu ni Fransiska. Mama Anande kaniamuru kesho nikapimwe macho.

Jumatatu, 15 Juni

Nimepimwa. Nimepewa miwani. Nikaivaa ofisini: mshale mmoja, mdogo, wazi mpaka nchani!

Nikakaa nikawaza. Macho haya yameona miaka arobaini na sita bila kulalamika. Asiyeonekana ni mshale. Kwa nini nivae mimi? Nimeibandika miwani kwa gundi kwenye kioo cha kompyuta, juu kushoto, unakopenda kujificha. Fransiska kaingia na wanafunzi wake wa kwanza. Wamesimama mlangoni, midomo wazi. Ufundi umewazidi. Nimewapungia mkono.

Kesho narudi kwa daktari kuomba nyingine, ya upande wa kulia.